Muulize Fundi: Nikope ninunue gari nyingine, au nitengeneze hii hii niliyonayo?

Meseji za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, gari imezeeka, inakula hela, niachane nayo au niendelee nayo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu naona wengi mko humo humo, na inaniuma kuona mtu anajifunga mkopo wa miaka mitatu kwa tatizo ambalo huenda ni kofia ya rejeta.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwalimu, naishi Tabata, nina Corolla 110 ya mwaka 1998, namba A, mzee aliniachia alivyostaafu akarudi kijijini. Kwa mwaka mmoja imenitoka kama milioni moja na laki tisa gereji tu, shokapu za mbele, plagi, betri, brek pedi, rejeta ilitoboka ikazibwa, sa juzi hapo Ubungo kwenye foleni ikachemsha mshale ukapanda mpaka juu. Fundi wangu anasema injini imekwisha nifunge nyingine ya mtumba. Ofisini wananiambia achana na huo mkweche, benki wako tayari kunipa milioni 18 nikatwe laki sita na arobaini kila mwezi miaka mitatu nichukue Ist. Nimechoka kweli fundi, nishauri.

JIBU: Marahaba mwalimu, pole sana, kuchemshiwa na gari kwenye foleni ya Ubungo na jua lile nakuelewa ulivyochoka. Lakini usisaini chochote kwanza, tupige hesabu.

Laki sita na arobaini mara miezi 36 ni milioni 23 na elfu arobaini. Umepewa 18, kwaiyo milioni tano na kitu ni riba. Kwa mwaka unakatwa milioni saba na laki sita na themanini, wakati huo mkweche unaoulalamikia umekula moja na laki tisa, yani mkopo unakula mara nne ya gereji, na bado hiyo Ist nayo itataka kumwagwa oili, itataka matairi, itataka brek pedi, na benki wengi watakulazimisha bima kubwa mpaka umalize deni. Ni kweli baada ya miaka mitatu utabaki na gari ambayo ukiiuza inarudisha hela fulani, hilo silikatai. Ila kwa mshahara wa mwalimu laki sita na arobaini kila mwezi ni ada ya mtoto, ni bati za nyumba, na mwezi ambao mtu kaumwa nyumbani benki haisubiri.

Af jiulize hiyo Ist unayoambiwa ni mpya, ni mpya kwa nani? Ist zilianza kutoka Japan mwaka 2002 na zikaacha kutengenezwa 2016, kwaiyo hakuna Ist mpya popote, unayouziwa kama "namba E safi" inaweza kuwa ya 2004. Namba inasema gari ilisajiliwa lini hapa Tanzania, haisemi ilizaliwa lini, na watu wanadharau gari ya mtu kwa herufi ya kwenye pleti bila kujua hata wanachokidharau. Na ukisema uagize mwenyewe, ujue gari ndogo ya abiria iliyopita miaka kumi inapigwa ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na juu yake ushuru wa uchakavu 30%, hela zote hizo zinakwenda TRA, hakuna hata shilingi inayokwenda kukuongezea bolti kwenye gari.

Na wale wanaosema Wajapani wenyewe wametupa hizi gari kwa sababu zimekufa, hapana. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaitwa shaken, gari binafsi ikishapita miaka mitatu ya kwanza inakaguliwa kila baada ya miaka miwili na gharama yake si ndogo, halafu gari ya petroli ikipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda kama 15%. Mtu wa kule anapiga hesabu anaona bora auze. Gari yenyewe mara nyingi ni nzima kabisa, ndo maana inashuka bandarini Dar ikiwa inawaka kwa ufunguo mmoja.

Sasa turudi kwenye kuchemsha. Fundi aliyekwambia ufunge injini, alipima nini? Hujaniandikia kwamba alipima chochote. Gari inachemsha kwa sababu nyingi na nyingi kati ya hizo ni za bei ndogo, kwaiyo kabla ya kuvunja injini unaanza na vya bei ndogo unakwenda juu.

Anza na kofia ya rejeta. Itoe injini ikiwa imepoa, asubuhi kabla hujawasha, TAFADHALI usije ukaifungua ya moto, maji yanaruka usoni na nimeona watu wameungua vibaya. Iangalie, juu imeandikwa 0.9 au 1.1, chini ina springi na raba. Hiyo namba ni presha. Maji ya kawaida huku kwetu usawa wa bahari yanachemka digrii 100, lakini ukiyabana kwa presha hiyo hayachemki mpaka yafike karibu 120, na ukiwa na kulanti ya kweli (yale maji maalum ya rejeta) inapanda zaidi kidogo. Sasa raba ikikauka au ikipasuka presha inatoka, maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye ile chupa ya pembeni, yanamwagika, siku ya foleni unabaki na rejeta nusu. We unaona injini mbovu, kumbe raba.

Halafu feni. Corolla yako feni inaendeshwa na umeme. Washa gari iache hapo hapo nyumbani, AC imezimwa, subiri ipate moto uone feni inajiwasha yenyewe au la. Gari inayochemsha kwenye foleni lakini ikiwa barabarani inakimbia iko sawa, mara nyingi ni feni, swichi yake, rilei au waya, maana ukiwa unakimbia upepo unaipoza rejeta bila msaada wa feni.

Cha tatu, na hiki nawaomba wasomaji wote mkiulize gereji zenu, THEMOSTATI IPO? Mafundi wetu wengi wana tabia ya kuitoa na kuitupa, wanakwambia nchi yetu ya joto hiyo ni ya wazungu na baridi yao. Hiki kitu kinanikera miaka yote. Ile kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ifike joto lake, kwenye Toyota nyingi inafunguka kwenye digrii 82 hivi. Ukiitoa, injini inachukua muda mrefu kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi inaongeza mafuta, matumizi yanapanda, oili inabaki na unyevu na injini inalika ndani kwa ndani. Na kwenye injini ambazo themostati ina vavu ya pili ya kuziba njia ya mkato, ukiitoa sehemu ya maji inazunguka humo humo ndani bila kupita kwenye rejeta, yani umeitoa ili isichemshe na ndo umeisaidia ichemshe. Nunua nzima, irudishe.

Baada ya hapo rejeta yenyewe. Umesema ilizibwa. Kama ilikuwa inaongezwa maji ya bomba miaka yote, ndani kuna kutu na chumvi, mirija nusu imeziba. Pampu ya maji nayo icheki kama inavuja au ina mlio. Ukishamaliza hivyo vyote ndo unauliza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Dalili zake unaweza kuziona mwenyewe: maji yanapungua na huoni yanapovujia, moshi mweupe hauishi hata gari ikishapata moto, ukifungua kofia asubuhi na kuwasha unaona mapovu yanakuja bila kukoma, na ukichomoa kijiti cha oili au ukifungua kifuniko cha kujazia oili unakuta imekuwa kama chai ya maziwa. Mwambie fundi akupimie kompresheni, yani mgandamizo wa ndani, silinda zote nne akuonyeshe namba. Ikiwa ni gasketi, hedi inafunguliwa, inapelekwa kwenye mashine inasawazishwa, gasketi mpya, unarudi barabarani. Hiyo ni bei ya chini sana kuliko injini, na injini ya mtumba ya 5A (aina ya injini ya Corolla yako) utakayofungiwa nayo imetoka kwenye gari ya miaka ile ile kama yako, historia yake hakuna anayeijua.

Hedi ikifunguliwa, mwambie abadilishe na taiming belti hapo hapo kama hujui ilibadilishwa lini, kwa injini hiyo ni kila kilomita laki moja. Kwenye 5A ikikatika gari inazima tu barabarani, ila wenye dizeli msilichukulie poa, nyingi vavu zinagonga pistoni na hapo injini ndo imekwisha kweli.

Na siku mshale ukianza kupanda: zima AC, washa hita ya ndani mpaka mwisho na feni yake (ndiyo, utaungua jasho, lakini hita inanyonya joto la injini), tafuta pembeni paki zima. Usimwagie maji ya baridi injini iliyochemka, unapinda hedi au unaipasua kabisa.

Kingine mwalimu, hiyo milioni moja na laki tisa haijapotea. Shokapu, betri, plagi, pedi, hivyo vyote viko kwenye gari mpaka sasa, mwaka huu hutavinunua tena. Ukiuza gari leo unamuuzia mwenzio shokapu zako mpya kwa bei ya mkweche. Kinachowaumiza watu wengi ni kwamba bili inakuja ghafla kwa mkupuo mwezi ambao hawakujiandaa. Ulikuwa tayari kumpa benki laki sita na arobaini, basi tenga laki mbili tu kila mwezi, weka laini tofauti au kibubu, uite hela ya gari, usiiguse kwa sherehe wala michango. Kwa mwaka ni milioni mbili na laki nne, ni zaidi ya ulizotumia mwaka mbaya uliopita. Kinachobaki mkononi ni laki nne na arobaini kila mwezi, ukiziweka miaka mitatu ni karibu milioni 16, siku hiyo ukitaka gari unanunua kwa kesh.

SWALI: Mtaalam habari ya kazi. Niko huku Machakos, niko na Probox ya 2008 nabeba nayo mboga na saa zingine abiria. Watu wananiambia gari ikipita miaka nane serikali haitaki, niuze mapema kabla zikatazwe. Ni ukweli? Pia asubuhi nikiwasha kuna kelele krrrr sekunde mbili tatu halafu inanyamaza.

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo ya miaka nane wanakutisha bure. Sheria ya Kenya ya miaka nane ni ya gari inayoingizwa nchini, inahesabiwa tangu mwaka iliposajiliwa mara ya kwanza, haihusu gari ambayo tayari iko barabarani na logbook yake. Hata Uganda walivyopitisha ile ya miaka 15 mwaka 2018 ilikuwa ya kuingiza vilevile. Tena kaa ufikirie, masharti ya kuingiza yakikaza, bei ya kununua nyingine inapanda, na hiyo uliyonayo ndo inazidi kuwa na maana.

Sasa hiyo kelele usiidharau. Injini yako huenda ni 1NZ, haina taiming belti, ina cheni, na cheni inakazwa na kidude kinachosukumwa na presha ya oili. Ukiwasha asubuhi na oili yote imeshuka chini, cheni inapiga kelele mpaka presha ifike. Gia ya VVT-i (ile inayorekebisha muda wa vavu kufunguka) nayo inaweza kutoa mlio huo huo. Kabla hujaambiwa ununue cheni, angalia oili. Filta nzuri ina raba ndani inayozuia oili isirudi chini yote usiku, filta feki haina au inayo ya hovyo. Mwaga oili, weka nzuri ya 5W-30 kutoka duka unaloliamini, filta orijino, sikiliza wiki moja. Kelele ikipungua umepata jibu. Ikiendelea, hapo ndo fundi afungue aangalie mkazo wa cheni.

Na injini hiyo inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Galoni ya oili ya dukani ni lita nne. Nawaona mafundi wanamimina galoni yote mpaka tone la mwisho na mteja anafurahi hajapunjwa. Mimina kidogo kidogo, pima kwa kijiti, kinachobaki rudi nacho nyumbani cha kuongezea. Mtu wa kazi kama yako, kubeba mzigo na kukimbia barabara za vumbi, usisubiri elfu kumi, mwaga kila kilomita 5,000. Oili ndo uhai wa cheni, na cheni ikiwa salama hizo Probox zinakwenda mbali kweli kweli.

SWALI: Fundi mi ni mama wa watoto watatu niko Morogoro, nina Spacio. Nikikata kona kali hasa nikitoka kwenye parking inalia tak tak tak tak upande wa kushoto. Gereji ya kwanza wamesema stelingi raki nzima ibadilishwe, ya pili wamesema hivyo vyote vya chini. Naona wananipiga kwa sababu ni mwanamke na sijui kitu. Niiuze tu?

JIBU: Usiiuze mama, na usibadilishe raki. Fanya hivi leo, gari ikiwa imepaki kata stelingi mpaka mwisho kulia, inama uangalie nyuma ya tairi la kushoto la mbele. Utaona chuma cha mviringo kinaingia kwenye tairi, kimevaa raba nyeusi yenye mikunjo. Angalia kama imepasuka, na kama kuna grisi nyeusi imerushwa pande zote, kwenye rimu kwa ndani, kwenye shokapu, mpaka huko juu. Nina uhakika mkubwa utaikuta. Hiyo ni buti ya draiv shafti. Ikipasuka grisi inatoka, mchanga na maji vinaingia, jointi iliyo ndani ya buti inasagika, na mlio wake ndo huo tak tak wakati wa kukata kona. Buti peke yake ni kitu cha bei ndogo sana, ukiwahi unasafisha, unaweka grisi, unavalisha buti mpya, basi. Ukishasikia mlio maana yake umechelewa kidogo, itabidi jointi yenyewe ya nje ibadilishwe, lakini ni jointi ya upande mmoja tu, sio raki sio "vyote vya chini".

Kuhusu kupigwa, inauma na ipo, hata wanaume wanapigwa. Dawa yake ni maswali. Kabla ya kazi muulize umejuaje kama ni hiki, nionyeshe kwa mkono. Spea nunua mwenyewe au kaa na risiti, na ukienda dukani nenda na chassis namba uliyoipiga picha kwenye kibati, usiende na "nataka ya Spacio", maana Spacio ziko za aina mbili na vifaa haviingiliani vyote. Spea ya zamani iliyotolewa idai, iende nyumbani na wewe. Na uwe na daftari ndani ya gari, kila kilichofanyika unaandika tarehe, kilomita, bei na jina la gereji. Fundi akiona mteja ana daftari anabadilika hapo hapo, na ukija kuuza siku moja hilo daftari linakuongezea bei.

Kwenye matairi, kwa vile una watoto humo: ukiuziwa tairi la mtumba usiangalie kashata (yale meno ya tairi) tu, tafuta pembeni namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ikiwa 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016. Kashata inaweza kuwa nene kabisa na raba yenyewe imeshakuwa ngumu, linapasuka ukiwa mwendo wa 100 kwenye joto la mchana. La hivyo liache dukani hata wakikupa nusu bei.

SWALI: Niko Tanga, nina Mark II GX100, naipenda sana, injini haina shida hata kidogo. Fundi wa bodi kanionyesha chini kutu imekula mpaka pale inaposhikiliwa shokapu ya nyuma, kidole kinapita. Anasema anaweza kuchomelea bati. Nifanye?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Hapa nakuwa tofauti na majibu yangu yote ya juu. Injini inabadilishwa, gia boksi inabadilishwa, lakini sehemu ambayo bodi yenyewe inabeba mguu wa gari ikioza mpaka kidole kinapita, bati la kuchomelea juu ya kutu halishiki kitu, chuma cha pembeni nacho kimeshakuwa chembamba, na siku itakapoachia utakuwa kwenye kona ya barabara ya Segera na familia ndani. Kama kuna fundi wa bodi wa kweli anayeweza kukata chuma chote kilichooza mpaka afike kwenye chuma kizima na kurudishia kipande cha unene ule ule, mpeleke fundi wa pili asiye na maslahi aangalie kwanza ni kiasi gani kimebaki. Ikiwa pande zote mbili zimeliwa, uza injini na gia boksi na milango kama spea, hiyo injini yako ya 1G ina wateja, utapata hela nzuri kuliko kuuza gari zima.

Na gari utakayonunua baada ya hapo, ilalie chini uangalie tumbo kabla hujaangalia rangi. Upepo wa bahari wa Tanga, Pemba, Mombasa ni wa chumvi, na hata gari iliyotoka moja kwa moja Japan inaweza kuja na kutu, maana zile za maeneo ya theluji kama Hokkaido barabara zao zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Ukiipata safi, ioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, sio juu tu panapoonekana, na matundu ya kutolea maji chini ya milango yazibue kwa waya.